Tulivyomwombea Rozali

Wiki iliyopita nilipita sokoni Kampemba nikitoka kazini. Miguu imevimba, begi la madaftari limenilemaza bega, na kichwani nina wazo moja tu: nipate sombe, yale majani ya mihogo, nipike, nilale. Binti wa mezani hakuinua hata macho. Alichota majani kwenye gunia, akayatupa ndani ya mashine, mashine ikanguruma, na kabla sijamaliza kupiga mwayo mmoja sombe yangu ilikuwa ndani ya mfuko.

"Ni ile tu, mama?"

"Ni ile tu," nikamjibu.

Nilifika nyumbani nimekasirika, na sikujua nimekasirikia nini. Binti hakunikosea. Mashine nayo ni msaada; nani anataka kutwanga siku hizi, na mikono yenyewe iko wapi? Lakini nilipoionja ile sombe nilikumbuka kwamba kwetu ilikuwa kazi ya alasiri nzima, na kwamba ndani ya alasiri hizo ndimo nilimojifunza kusoma. Sisemi kusoma herufi, hizo nilizipata shuleni kwa fimbo. Nasema kusoma. Keti kidogo nikuhadithie, ila usinidai mpangilio.

Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Nkambo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa na lupango lake hapohapo Kampemba: nyumba ya matofali mbele, aneksi ya chumba kimoja nyuma, na uwanja katikati ambao niliufagia kila asubuhi kabla ya shule. Aliuza sombe iliyotwangwa. Kila siku baada ya saa nane wanawake wa avenyu yetu walikuja na mabeseni yao, wanne, watano, mara nyingine wanane, wakaketi kuchambua majani. Kila mmoja angeweza kuchambua kwake, lakini walisema kazi ya sombe ukiifanya peke yako inageuka adhabu. Majani yalitolewa kwenye vijiti, yakababuliwa kwa maji ya moto, ndipo yakaingia kwenye kinu. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, hata kanisani. Kazi yangu mimi ilikuwa kupepea mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa, na kugeuza samaki wa chumvi wa Kasenga ambao harufu yao iliita paka wa avenyu nzima.

Katika aneksi alipanga mwalimu mmoja, kijana mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alipohamishwa kwenda shule ya mbali aliniachia kitabu kimoja cha Kifaransa. Hakikuwa na jalada, kilianzia ukurasa wa tano, na kilinuka mafuta ya taa. Akaniambia kwa ukali wake wa kawaida: "Soma mwanzo mpaka mwisho, ukurasa kwa ukurasa. Mwenye kuchungulia mwisho ni mwizi wa maembe mabichi, atakula na tumbo itamuuma." Nikamtii. Laiti nisingemtii, ningejua mapema.

Siku ya kwanza nilisoma kimya, kitabu kwenye goti, na samaki wakaungua. Nkambo akanijia na mwiko.

"Kama unataka kusoma, soma nguvu, tusikie bote! Samaki yangu haiwezi ungua juu ya masiri yako."

Ndivyo nilivyoanza kusoma kwa sauti. Na kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamekaa shuleni, ilinibidi nikigeuze Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo, mdomo ukiwa mbele na akili ikikimbia nyuma. Ee, ndugu yangu, nusu ya maneno sikuyajua! Theluji niliiita mvua ya mawe, wakashangaa mvua ya mawe gani inakaa juu ya nyumba mwezi mzima. Mchuzi wa ajabu wenye jina refu niliufanya bukari, ugali wa kwetu, na samaki, na wanawake wakapiga makofi kwamba kumbe hata Wazungu wanakula bukari. Mmoja akatia shaka kidogo. Mama mkubwa kuliko wote, ambaye meno yake yalibaki matatu, akamkatiza: "Muntu njo anasemaka bongo. Kitabu haisemake bongo." Bongo kwetu ni uongo. Nami nikainamisha kichwa, nikaendelea na bukari yangu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjane mmoja, mfua nguo, katika mji wa baridi kali. Alikuwa na binti mmoja tu, Rozali, na Rozali alikuwa mgonjwa wa kifua. Basi. Hakukuwa na vita wala hazina. Mama anafua, mtoto anakohoa, mwenye nyumba mkorofi anadai kodi, mama anafua tena. Lakini siku ya pili tu wanawake wa kwetu walikuwa wamekwisha kumpa yule mjane jina la heshima, wakamwita Mama Rozali, kama walivyoitana wenyewe. Wakifika walivua kandambili, wakaweka mabeseni chini, na swali la kwanza lilikuwa moja: "Mutoto wa Mama Rozali aliamukaje?"

Sasa sikia walichofanya. Ijumaa, kwenye kikundi cha sala cha mtaa, mmoja wao alisimama akasema: "Tumuombee Mama Rozali, mutoto wake iko mugonjwa." Wakaomba. Ijumaa iliyofuata wakaomba tena. Ya tatu, kiongozi wa kikundi, mzee mwenye utaratibu sana, alitangaza kwamba haifai kumwombea mgonjwa bila kumtembelea. Wakachanga sukari na sabuni kama ilivyo desturi, wakaja kwa nkambo wote wamevaa vitenge vya kanisa, wakaniuliza huyu Mama Rozali anakaa avenyu gani.

Mawe! Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaambia anakaa Ulaya, mbali, na kwamba ni mtu wa kitabuni. Kisha nkambo akaanza kucheka, akafuata yule wa meno matatu, mpaka mzee wa kikundi mwenyewe akapangusa machozi. Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini yule mama wa meno matatu akasema: "Bo, sala haiombake viza," na Rozali akabaki kwenye orodha ya wagonjwa. Sukari na sabuni walivuka navyo ukuta, wakampa jirani.

Jirani huyu ndiye ninayetaka umjue. Alikaa lupango la kushoto, na alikuwa na binti wa miaka sita mwenye ule ugonjwa wa damu ambao kwetu tunauita SS kwa kifupi. Miezi ya baridi, Juni na Julai, mifupa ya yule mtoto ilimuuma mpaka akalia bila sauti. Mama yake alikuja kuchambua sombe akiwa amempakata, amemfunga kitenge mara mbili, mikono yake ikipita kumzunguka ili ifike kwenye majani. Wenzake walipopiga kelele juu ya Mama Rozali, alafu mfua nguo huyu mbona hamwachi yule mwenye nyumba mkorofi, alafu hivi, alafu vile, yeye hakusema neno. Alichambua tu. Nilipokuwa sijaanza kusoma, nilimwona mtu wa kununa. Ni kitabu kilichonifundisha kumtazama, maana mule ndani Mama Rozali pia alinyamaza, na mwandishi alieleza kurasa nzima kilichokuwa ndani ya ukimya ule. Nikaanza kujiuliza ndani ya jirani mna nini. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha hilo darasani, na mimi mwenyewe leo sijui namna ya kulifundisha.

Ikafika siku ambayo Rozali alizidiwa. Kitabuni ilikuwa hivyo, na uwanjani kwetu mchi ulisimama. Mama Rozali amemlaza mtoto karibu na moto, daktari ameingia, amevua kofia yake. Nilisoma polepole, nikajisikia mkubwa kwa jinsi walivyonikazia macho. "Daktari akainama," nikasoma, "akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, na…"

Nikafunua. Hakukuwa na kitu. Kurasa zilikuwa zimechanwa, zimebaki nyuzi tu.

Nikatazama juu. Wale wanawake walikuwa wamenigeukia wote, lakini niliyemwona ni yule mtoto wa jirani. Alikuwa ametoa kichwa nje ya kitenge. Macho yake yalikuwa ya manjano kidogo, kama kawaida yake akiwa vibaya.

"Na Rozali?" akauliza.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nikashusha macho kwenye ukurasa ambao haukuwepo, nikasema kwa sauti ileile ya kusomea: "Na akasikia moyo unapiga." Kisha sikuweza kusimama. Nikasema mama akaongeza makala. Nikasema Rozali akafumbua macho, akasema ana njaa, akaomba bukari na samaki.

"Samaki ngapi?" mtoto akauliza.

"Mbili," nikasema, kana kwamba imeandikwa.

Nikasema akala wote wawili, na asubuhi akatoka nje bila viatu, na mwenye nyumba mkorofi akamwona akanyamaza. Mwisho. Vigelegele vilivyopigwa vilileta watu mpaka barabarani. Wakacheza wakizunguka kinu. Ijumaa walitoa shukrani kwenye kikundi, na Rozali akafutwa kwenye orodha ya wagonjwa. Nkambo alinipa kichwa cha samaki, ambacho hakuwa akimpa mtu. Nikakila nusu, nusu nikamtupia paka. Kila nilipofumba macho nilimsikia yule mama akisema kitabu hakisemi uongo.

Kuanzia siku ile mwisho ule ukawa wa mtoto wa jirani. Akiumwa, mama yake alinipigia kelele juu ya ukuta, nami niliruka na kitabu changu, nikaketi kando ya kitanda nikasoma: moyo, makala, macho, njaa, samaki wawili, miguu bila viatu. Nilijitahidi nisibadilishe neno, maana alijua kila kitu. Alikuwa akimaliza kusikiliza anasema, "Miye pia nitatoka inje bila biatu." Na masika yale alitoka kweli, ndugu yangu. Mvua ilipokuwa imenyesha alikimbia kwenye tope la avenyu, na mimi nikaanza kuamini kwamba labda haukuwa uongo. Labda ndivyo kitabu kilivyomalizika, na mimi nilibahatisha tu. Mtoto wa miaka kumi akitaka kujisamehe hakosi njia.

Baridi iliyofuata alikufa. Ilikuwa Jumatano, nikiwa shuleni. Niliporudi nilisikia ukimya kabla sijasikia kilio, maana kwetu hakutwangwi jirani na msiba, na vinu vyote vya avenyu vilikuwa vimenyamaza. Nilikwenda nyuma ya aneksi nikalia peke yangu. Sikumwambia nkambo kwa nini. Wote walilia kwa kuwa mtoto amekufa. Mimi nililia kwa sababu hiyo, na tena kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Nilimwahidi samaki na kutoka nje bila viatu, nikamwahidi kwa jina la kitabu.

Siku ya tatu alasiri, baada ya maziko, dada yake jirani alisimama mlangoni kwetu. "Mama wa mutoto anakuita. Anasema ukuye na kitabu."

Nilijua nimekwisha. Nilijua ananiita anihukumu mbele ya watu, anionyeshe kwa kidole, aseme huyu ndiye aliyetudanganya. Nkambo alinifunga kitambaa kichwani bila kuuliza, akanisukuma kidogo mgongoni. Chumba kilijaa wanawake wameketi chini kwenye mikeka, wengi wao wale wale wa sombe. Yeye alikuwa ukutani, miguu ameinyosha, sauti imekauka.

"Ikala," akasema. Keti. Nikaketi. "Utusomee pa kumaliza. Pale mutoto anapona."

Shangazi mmoja akanung'unika kwamba haya si mambo ya kilio. Mama wa mtoto alinitazama mimi tu.

Nikaanza. Daktari akainama. Akaweka sikio. Akasikia moyo unapiga. Sauti yangu ilikuwa ikitoka kama ya mtu mwingine, na machozi yalinizuia kuona, na nilitaka nifike mwisho haraka nikimbie. Nikasema mama akaongeza makala, Rozali akasema ana njaa, akaomba bukari na samaki, akala.

"Hapana," akasema polepole. "Samaki mbili."

"Samaki wawili," nikarudia.

"Endelea."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye asubuhi, kwenye miguu bila viatu, yule mama wa meno matatu alianza kulia kwa sauti, na chumba chote kikamfuata. Ni katika kelele ile ndipo jirani aliponisogelea. Nilidhani anataka kunikumbatia. Aliweka mdomo kwenye sikio langu.

"Fungula kitabu, mutoto yangu," akaninong'oneza. "Bataona." Watu wataona.

Nikatazama mapajani. Kitabu kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa nimekishika kwa mikono yote miwili tangu nilipoketi, nimekibana kama mtu anayezuia kitu kisitoke, na nilisoma hadithi nzima bila kukifungua. Nikakifungua popote. Akarudi ukutani, akafumba macho.

Hatukuzungumza habari hiyo tena. Sijui alijua tangu siku ya kwanza, alipokuwa na mtoto wake mapajani na mimi nikifunua ukurasa usiokuwepo, au alijua siku ile tu. Kabla ya mvua alirudi kwa ndugu zake Kasenga, juu ya lori la wafanyabiashara wa samaki. Nilikuwa shuleni alipoondoka, sikumuaga. Nkambo naye alikwenda zake, wajomba wakauza lupango, na aliyenunua amejenga maduka matatu yanayouza kadi za simu na nywele za bandia. Kitabu sijui kilipotelea wapi, nadhani kiliwasha mbabula ya mtu. Kwa kuwa hakikuwa na jalada sikuwahi kujua jina lake, na katika vyote nilivyosoma baadaye sikukutana tena na mfua nguo yule. Mpaka leo sijui kama Rozali alipona. Zamani nilitafuta kwenye vitabu vya mitumba pale mjini, karibu na posta, nilipiga magoti kwenye vumbi nikifunua mwisho wa kila kimoja. Siku hizi sitafuti.

Mimi ndiye mwalimu sasa. Nina watoto sitini na kitu darasani, na nikiwafungulia hadithi mkono mmoja lazima uinuke: "Madamu, iko mu egzame?" Nikisema hapana, haimo kwenye mtihani, kalamu zinalazwa na macho yanakwenda dirishani. Siwalaumu, nao wameamka alfajiri, wengine hawajala. Mkutano wa wazazi uliopita mzazi mmoja, mtu mpole tu, aliuliza hadithi zinamsaidia nini mtoto, si afadhali hesabu. Nikamjibu yale tunayoyajibu sote: zinaongeza maneno, zinakuza akili, zinamfundisha mtoto kufikiri. Ni kweli yote. Niliyasema nikitazama saa.

Sikumwambia kwamba mimi nililelewa na kurasa chache ambazo hazikuwepo, na mwanamke aliyefiwa, ambaye siku tatu tu baada ya kumzika mwanawe alipata nafasi moyoni ya kumsitiri mtoto wa jirani asiaibike. Bila kitabu kile nisingemjua. Ningemwona mtu wa kununa mwenye beseni lake, nikapita. Nimesoma vingi tangu wakati ule, nimevisoma mpaka mwisho, na ninawajua watu wengi wa kwenye karatasi kuliko ninavyowajua walio kwenye avenyu yangu. Jirani yangu wa sasa ana mwaka wa nne pale, na sijui hata anaitwa mama nani. Watu wa namna ya yule mama wamekwisha, ndugu yangu, au bado wapo, na mimi ndiye nimechoka kuketi nao.